Blenda ya zawadi imekukata vidole na risiti huna? Usiwarudishie vipande

Mkuu, umeuliza kama unaweza kudai fidia baada ya jagi la blenda kuvunjika na kukukata vidole, na kama uitume blenda kwa kampuni iliyokuandikia barua ikiitaka. Naona wengi wamekujibu kwamba bila risiti huna kesi, tena blenda yenyewe uliletewa zawadi na shemeji. Mimi si wakili, ila niliwahi kuunguzwa paja na birika la umeme na nikahangaika na madai karibu mwaka mzima, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Risiti ina uzito ukimdai muuzaji kwa mkataba wa mauziano. Kumdai mtengenezaji kwa sababu ya jeraha ni habari nyingine. Mwaka 1928, mjini Paisley, Scotland, May Donoghue alinunuliwa soda ya tangawizi na rafiki yake. Chupa haikuonyesha ndani. Alisema amekwisha kunywa ndipo iliyobaki ilipomiminwa akatoka konokono aliyeoza. Hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Mwaka 1932 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu Uingereza, liliamua kwa kura 3 dhidi ya 2 kwamba mtengenezaji anawajibika kuwa mwangalifu kwa mtumiaji wa mwisho. (Huyo konokono mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa, walimalizana kabla ya ushahidi kusikilizwa.)

Inayokaribiana zaidi na yako ni ya California, 1963. Bwana Greenman alipigwa kwenye paji la uso na kipande cha mti kilichochomoka kwenye mashine aliyopewa zawadi na mkewe. Mahakama ikasema si lazima athibitishe uzembe. Akionyesha kwamba aliitumia ilivyokusudiwa na kasoro yake ndiyo iliyomuumiza, inatosha. Jumuiya ya Ulaya (sasa Umoja wa Ulaya) nayo ilifuata mkondo huo kwa agizo la 1985, lililompa majeruhi miaka 3 ya kudai. Zipo nchi ambako uzembe bado lazima uuthibitishe, kwa hiyo uliza sheria ya ulipo, na uulize mapema kwa sababu ya huo ukomo wa muda.

Sasa kosa langu. Kishikio cha birika kilichomoka maji yakiwa yanachemka. Kesho yake, bandeji ikiwa bado mbichi, nikalirudisha dukani. Wakanipa jipya, nikasaini karatasi bila kuisoma, nikaondoka nikishukuru! Kidonda kilipokuja kuoza nikaenda kwa wakili, na swali lake la kwanza likawa, "Birika liko wapi?" Muuzaji akasema lilipelekwa kiwandani. Kiwanda kikajibu kwamba lilionyesha dalili za kuangushwa. Ningebisha kwa kutumia nini? Niliambulia gharama za matibabu tu, tena kwa kubembeleza.

Ndiyo maana hiyo barua ya kampuni ya kutaka uwatumie blenda "ikachunguzwe" imenishtua. Wakitaka kuichunguza, ichunguzwe mbele ya mtaalamu wako, na kwa maandishi kwamba haitafunguliwa wala kuharibiwa bila wewe kuwepo. Usiioshe, usigundishe kitu. Piga picha kibandiko cha chini chenye namba ya toleo, na daktari aandike kilichokukata ni nini. Shemeji naye aandike aliinunua wapi na lini; ushahidi wake utaziba pengo la risiti.

Watakuuliza pia kama ulitia kitu cha moto kwenye jagi. Jibu ukweli, kisha soma kijitabu cha maelekezo: kama hakikukataza, hiyo nayo inaweza kuhesabiwa kasoro, ya kutokuonya.

Vipande vya jagi unavyo vyote, au kuna aliyefagia?