Jibu: Bangili ya kwatzi ya waridi imepauka, je, nimeuziwa kioo?

Salamu dada. Umesema bangili yako ya kwatzi ya waridi (rose quartz, jiwe la rangi ya waridi) ilikaa dirishani miezi kadhaa, sasa imepauka na unahisi umetapeliwa. Usiitupe. Jua kali hupausha hata kwatzi halisi. Mimi nina kipande cha Madagaska kilichokaa juani: upande wa juu umekuwa karibu mweupe, wa chini bado una waridi lake.

Kwanza kagua matundu ya uzi kwa lenzi na tochi ya simu. Rangi ikiwa imejikusanya pale na kwenye nyufa, jiwe limetiwa rangi. Viputo vya mviringo ni dalili ya kioo. Kwatzi ya waridi huwa na ukungu kama maziwa yaliyotiwa maji. Ukibaki na shaka, kwaruza chupa tupu kwa shanga moja. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, kwatzi ni 7, kioo ni kama 5.5, hivyo lazima chupa ichubuke, siyo shanga.

Isafishe kwa maji vuguvugu na sabuni laini, uitunze kwenye kitambaa, mbali na jua. Wengi huivaa kwa ajili ya mapenzi na utulivu, ni imani nzuri, ila dawa za presha ulizotaja usiziache, tafadhali.