Njia za baiskeli za msituni Mombasa zipo: anzia Bamburi, halafu uliza wenyeji

Ndugu yangu uliyehamia Nyali kutoka Nairobi, karibu Pwani. Umeuliza ziko wapi njia za kuendeshea baiskeli msituni, maana ulizoea msitu wa Karura kule Nairobi na tangu ufike umeona lami, tuktuk na mchanga wa ufukweni tu. Zipo. Mimi ni wa Kisauni, huu mwaka wa saba naziendesha, na kila baada ya masika bado nakuta kijia nisichokijua. Lakini Karura iweke kando kwanza. Kule makutano yana namba. Huku njia nyingi ni za watu: za kwenda kisimani, za shambani, za watoto wa shule, za mgema kufikia minazi yake. Hizo hakuna aliyezichonga kwa ajili ya baiskeli, kwa hiyo utazijua kwa kuuliza na kwa kuzirudia.

Kwa mgeni naona pa kuanzia ni msitu wa Bamburi, pale jirani na Haller Park, kwa sababu umezungushiwa uzio, njia zake zinaeleweka na kivuli kipo. Huo msitu ni machimbo ya zamani ya saruji. Matumbawe yalichimbwa pale kuanzia 1954 hadi pakabaki mwamba mtupu, na mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, akaanza kujaribu kuotesha miti. Alijaribu aina 26, zikashika 3 tu, na mvinje ndio uliotamba. Majani yake yalikuwa yakianguka yanakaa tu bila kuoza, mpaka wakaletwa majongoo wakayatafuna, yakageuka udongo. Utawaona njiani, weusi wenye miguu myekundu, wapishe. Nakueleza haya kwa sababu udongo huo ndio utakaoendeshea: tabaka jembamba juu ya mwamba, na juu yake zulia la majani ya mvinje. Tairi halisikiki kabisa. Raha yake siwezi kuieleza. Ila ukibana breki ya mbele kwenye kona, zulia lote linahama na wewe ukiwa juu yake. Punguza mwendo kabla ya kona, ukishaingia achia breki. Nenda mara tano au sita, njia ile ile, mpaka uujue kila mzizi.

Ukishazoea, panda Nguu Tatu nyuma ya Bamburi. Pale udongo ni mwekundu wa kichanga, vilima ni vifupi lakini vinakata pumzi, na mvua huchimba makorongo katikati ya njia. Njia uliyoshuka vizuri mwezi wa tatu, mwezi wa saba inaweza kuwa mtaro. Ishuke kwa miguu kwanza.

Kuna vijia vingine vitamu vinavyopita ukingoni mwa mikoko, upande wa mkono wa bahari wa Mtwapa. Hivyo angalia mwezi kabla hujaenda. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya hapa hupanda zaidi ya mita 3, na hujaa alfajiri na jioni. Nilipita saa nane mchana pakavu kabisa, kaa wanakimbia mbele ya gurudumu. Narudi saa kumi na moja, njia haipo, maji yako magotini na nimebeba baiskeli begani. Nilifika nyumbani nimechoka nikalala bila kuiosha, na asubuhi mnyororo ulikuwa na kutu. Ukigusa maji ya chumvi, isuuze kwa maji matamu siku hiyo hiyo, ifute, uipake mafuta.

Sasa Rabai, kule vilimani bara ya Mombasa, na hapa nakuomba unisikilize sana. Mwaka wangu wa pili nilikaa na simu nikitazama picha za setilaiti, nikaona mstari mwembamba unaoingia kwenye msitu mzito juu ya kilima. Nikaufuata. Nilipofika ukingoni mwa miti, mzee aliyekuwa akichunga mbuzi aliweka fimbo yake mbele ya gurudumu langu, polepole, bila hasira.

"Mwanangu, hapa hapaingii baiskeli. Hii ni kaya."

Nilikuwa sijamsalimu hata. Nikashuka, nikavua helmeti, nikampa shikamoo yake. Akaitikia marahaba, akaniuliza natoka wapi na ni mtoto wa nani. Tulikaa pale kitambo. Kisha akanyoosha fimbo kuelekea bondeni: "Shika mwembe ule, usipande tena. Fuata mkono wa kushoto mpaka usikie mashine ya kusaga." Njia hiyo inazunguka kilima chini ya mikorosho, ina mteremko mrefu wa mawe ya mchanga, na mpaka leo sijapata nzuri kuliko hiyo. Kwenye simu haionekani, mikorosho imeifunika.

Misitu ya kaya za Wamijikenda ni mahali pa ibada na makaburi ya wazee wao. Tangu 2008 imo katika urithi wa dunia wa UNESCO, lakini ilikuwa na heshima yake karne nyingi kabla ya hapo. Ukitaka kuingia, unaenda kwa wazee wa kaya, kwa miguu, kwa ruhusa yao. Baiskeli inabaki nje. Mwendeshaji mmoja akikosea, sote tunafungiwa njia za pembeni.

Kuhusu pancha: matumbawe hukata ubavu wa tairi, na miiba ya huku ni mirefu. Beba tyubu mbili, kiraka, sulusheni na pampu. Kabla ya kutia tyubu mpya pitisha kidole ndani ya tairi lote, maana mwiba hubaki umejificha na utaitoboa ya pili papo hapo.

Misitu ya Shimba Hills na Arabuko-Sokoke usiende kiholela. Kote kuna tembo. Uliza langoni, chukua askari wa msitu, ifanye safari ya siku nzima. Na kufika Rabai usipande barabara kuu ya Mazeras na yale malori. Weka baiskeli juu ya matatu.

Jumamosi natoka Kongowea saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijakaza, kwenda Nguu Tatu. Saa nne tunakuwa tumerudi kwenye mahamri na mbaazi. Njoo na lita 2 za maji, na upunguze upepo wa tairi kidogo.