Ni Stella Abrera, si Lisa Macuja

Wengi hudhani kwamba Mfilipino wa kwanza kufikia cheo cha mchezaji mkuu, yaani cheo cha juu kabisa, katika American Ballet Theatre, kikundi cha baleti cha New York, ni Lisa Macuja. Hapana, ni Stella Abrera, aliyepandishwa tarehe 30 Juni 2015, siku ileile alipopandishwa Misty Copeland, mwanamke wa kwanza Mmarekani Mweusi kufikia cheo hicho katika kikundi hicho, na nadhani ndiyo maana habari yake haikusikika sana. Alijiunga na kikundi hicho mwaka 1996, akawa mchezaji wa pekee (soloist, cheo kilicho chini ya mchezaji mkuu) mwaka 2001, kisha akakaa katika cheo hicho miaka 14. Mwaka 2008 jeraha lilimnyima nafasi ya kuigiza Giselle, mhusika mkuu wa baleti yenye jina hilo, na jijini New York hakuipata hadi Mei 2015, tena kwa kuziba pengo la mchezaji mwenzake Polina Semionova aliyekuwa ameumia. Wiki chache baadaye cheo kikaja.

Lisa Macuja, ambaye wengi humtaja katika suala hili, hakupata jina lake New York bali Leningrad (leo St. Petersburg, Urusi): alihitimu katika chuo cha baleti cha Vaganova mwaka 1984, akawa mtu wa kwanza kutoka nchi za nje kuwa mchezaji wa pekee katika kikundi cha baleti cha Kirov cha mji huo, kisha akarudi kwao na kuanzisha Ballet Manila mwaka 1995.

Ila ikumbukwe kwamba Abrera, ingawa alizaliwa Manila, alikulia California, hivyo magazeti mengi humwita Mmarekani mwenye asili ya Ufilipino. Anayehesabu kwa uraia pekee anaweza kupinga neno “Mfilipino” nililolitumia.