Kijiti cha pamba ndicho kilichoniziba sikio

Kwa miaka mingi nilikuwa nikitoka kuoga nashika kijiti cha pamba, nachokonoa masikio yote mawili mpaka pamba igeuke kahawia. Niliamini huo ndio usafi. Asubuhi moja maji yakaniingia sikio la kulia. Nilitikisa kichwa, nikaruka kwa mguu mmoja, wapi. Kufika mchana upande ule ulikuwa umezibika kabisa, na sauti yangu mwenyewe naisikia kama ninayeongea ndani ya mtungi. Nikatia kijiti tena. Hapo ndipo nilipoharibu zaidi.

Muuguzi aliyenichungulia sikio alinieleza jambo ambalo natamani ningeambiwa utotoni. Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa kama sentimita 2.5, na nta hutengenezwa kwenye sehemu ya nje tu, si kule ndani. Ngozi ya humo hukua ikielekea nje, na taya linapotafuna huisaidia nta kusogea. Yaani nta iko njiani kutoka siku zote. Mimi nilikuwa nairudisha na kuishindilia karibu na kiwambo cha sikio, ile ngozi nyembamba iliyo mwisho wa njia, kisha maji yakaivimbisha. Tena nta si uchafu: hunasa vumbi, hulainisha ngozi na kuzuia maji yasiidhuru. Kama husikii tabu yoyote, iache ilivyo.

Lililonisaidia ni mafuta ya zeituni, basi. Nilikishika kichupa kiganjani mpaka mafuta yakawa na uvuguvugu wa ngozi, nikajaribu tone moja kwenye kifundo cha mkono. Nikalala ubavu, sikio lililoziba likiwa juu, nikavuta ukingo wa sikio juu na nyuma kidogo ili njia inyooke, nikadondosha matone mawili au matatu. Tone la kwanza linatekenya, ukishtuka tu limemwagika shavuni. Halafu nikabonyeza taratibu kile kinyama kilicho mbele ya tundu, mara kadhaa, nikatulia dakika 10. Mara tatu kwa siku, kwa siku tano.

Siku mbili za kwanza nilisikia vibaya kuliko mwanzo. Usiogope, nta inalainika na kuvimba. Nilipomaliza zile siku tano bado haikutoka, nikavumilia, maana inaweza kuchukua hata wiki mbili. Siku ya tisa niliamka nikakuta kidonge cheusi, laini, kimegandana na foronya, na mlio wa saa ya ukutani ukanirudia. Nilikaa kitandani naisikiliza tu.

Wapo wanaomalizia kwa maji, kwa kibomba cha mpira. Inafaa, ila nta iwe imeshalainika, usukume taratibu, na maji yawe na joto la mwili, nyuzi 37 hivi. Yakiwa baridi au moto, kizunguzungu kitakukamata, kwa sababu kiungo cha kuuweka mwili sawa kimo humohumo ndani ya sikio. Mwenye kisukari asitumie maji bila kumuuliza daktari. Mafuta ya lozi nayo yanafaa, isipokuwa kwa mwenye mzio wa lozi au karanga. Mishumaa ya masikio achana nayo kabisa. Haivuti nta, na watu wameungua.

Sasa nakuomba usikilize hapa. Usitie mafuta wala maji ikiwa sikio linauma, linatoa usaha au damu, umewahi kutobokewa kiwambo, au daktari alikuwekea humo kijibomba cha kupitisha hewa. Mtoto mdogo mpeleke achunguzwe kwanza, kwani huenda kilichoziba ni punje au shanga. Ukishuku ni betri ndogo ya duara, usidondoshe kitu chochote, kimbia hospitali, kwa kuwa inaunguza nyama ndani ya saa chache.

Na ukiamka sikio moja limekufa ghafla, bila mafua na bila maji kuingia, usijitibu kwa zeituni ukingoje wiki mbili kama nilivyongoja mimi. Nenda siku hiyohiyo. Huenda si nta, ni neva ya kusikia, na dawa yake hufanya kazi vizuri ikianzwa mapema.