Dodoso lilelile kwa wote si haki kwa wote

SWALI: Mimi ni ofisa utumishi katika kiwanda cha kukamua alizeti hapa Kizota, Dodoma. Tulinunua kipimo cha akili hisia (uwezo wa mtu kutambua na kumudu hisia zake na za wengine) ili kitusaidie kuchagua wasimamizi wa zamu. Watu wa ofisini wamepata alama za juu. Wapakiaji na waendesha mashine karibu wote wako chini. Mkurugenzi anasema maswali ni yaleyale, kwa hiyo hakuna aliyeonewa. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na hoja hiyo nakutana nayo kila mara hadi inachosha. Kugawa karatasi moja hakumaanishi mmepima kitu kimoja. Tazama sentensi za aina hii: "Si kawaida yangu kushindwa kutambua hasira yangu." Mpakiaji aliyeishia darasa la saba, katoka zamu ya usiku, akikosea hapo umepima usomaji wake. Au hii: "Huwa nasema wazi ninavyojisikia." Aliyelelewa kunyamaza mbele ya mkubwa atajibu "mara chache", naye atapunguziwa alama kwa kuwa na adabu!

Tofauti ya wastani peke yake haithibitishi upendeleo, lakini pia haithibitishi kwamba wapakiaji wana upungufu. Lazima swali moja moja lichunguzwe: watu wa makundi tofauti wenye uwezo unaolingana, je, wanalijibu sawasawa? Kisha, je, alama zinabashiri utendaji kazini katika kila kundi? Uchunguzi huo unataka mamia ya watu, hivyo ni wajibu wa muuzaji kuufanya kabla hajawafikia. Hata MSCEIT, kipimo cha akili hisia cha wanasaikolojia Mayer, Salovey na Caruso kilichotoka 2002, hukupa alama kwa kulinganisha jibu lako na la walio wengi au la wataalamu. Walio wengi wa wapi?

Haya wauzaji wa semina za siku moja hotelini hawayasemi. Wanachukua dodoso mtandaoni, wanalitafsiri usiku mmoja, asubuhi wanagawa vyeti, na mtu mzima ananyimwa cheo. Mwajiri anayewaamini ajue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza hata ubaguzi usio wa moja kwa moja, na mfanyakazi akilalamika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, atakayetakiwa kujieleza ni mwajiri. Muuzaji atakuwa keshaondoka.

Alama hizo msiziweke kwenye mafaili ya wafanyakazi. Wapeni wanaofikiriwa zamu za majaribio, muone mkulima anapobishia uzito wa magunia yake pale mizani, nani anamtuliza.