Nitaendelea Kuisoma, Ila Nitatazama Mstari wa Chini

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: tovuti ya uhakiki unayoipenda ikinunuliwa na kampuni inayouza kazi zile zile inazozihakiki, utaendelea kuiamini? Mmetoa mfano wa Anime News Network, tovuti ya habari na uhakiki wa anime, yaani katuni za Kijapani, ambayo Novemba 2022 ilitangazwa kuwa imeingia mikononi mwa tawi la Marekani la Kadokawa, kampuni kubwa ya uchapishaji ya Japani. Mfano huo unanigusa mimi moja kwa moja. Karibu kila ninachokijua kuhusu kutazama anime kwa makini nilikipata kwenye kurasa hizo, kwa hiyo mnisamehe nikijibu kwa urefu.

Kwanza niwaeleze wasioijua. Tovuti hii ilianzishwa mwaka 1998 na Justin Sevakis, wakati ambapo shabiki wa anime aliyekuwa nje ya Japani alitegemea kanda za video zilizowekewa tafsiri na mashabiki wenzake na kutumwa kwa posta. Baadaye ikaongozwa na Christopher Macdonald kutoka Montreal, Kanada. Ilianza kwa habari, ikaongeza uhakiki, kisha ikajenga ensaiklopedia kubwa inayokuambia nani aliongoza filamu ipi, nani aliigiza sauti ya nani, studio gani ilichora nini. Kwa Kiingereza, hapakuwa na mahali pengine palipochukulia katuni za Kijapani kama sanaa inayostahili kubishaniwa na watu wazima kwa muda mrefu kiasi hicho.

Kwa msomaji wa huku kwetu uhakiki ule ulikuwa na kazi nyingine pia. Episodi moja ya anime ni kama dakika 24. Ukiitazama kwenye simu kwa bando la kununua, kila episodi ni fedha iliyotoka mfukoni, na msimu mmoja unaleta mfululizo mpya kwa makumi. Huwezi kuonja zote. Ndiyo maana nikawa naisubiri miongozo yao ya mwanzo wa kila msimu, ambapo wahakiki kadhaa hutazama episodi ya kwanza ya kila mfululizo mpya na kuipa alama kati ya moja na tano. Nikishasoma, ndipo naamua bando langu liende wapi.

Na kilichonifunza zaidi ni kwamba hawakubaliani. Mmoja anaipa kazi alama nne na nusu, mwenzake chini ya ukurasa huo huo anaipa moja na nusu, na kila mmoja anakueleza kwa nini. Huyu anaangalia jinsi mwili unavyochorwa ukitembea, yule anauliza kwa nini msichana pekee kwenye hadithi hana la kufanya zaidi ya kulia. Kabla ya hapo nilikuwa nasema tu "nzuri" au "mbaya". Kwao nilijifunza kusema ni nzuri wapi, na imeharibika kuanzia wapi. Baada ya muda nikamjua mhakiki ambaye akichukia kitu, mimi nitakipenda, na huyo alinisaidia kuliko wote.

Sasa tuje kwa mnunuzi. Kadokawa ilianzishwa Tokyo mwaka 1945 na leo ni miongoni mwa wachapishaji wakubwa kabisa wa manga, vitabu vya katuni vya Kijapani, na wa zile riwaya za vijana zenye michoro, ambazo anime nyingi hutokana nazo. Hadithi ya Sword Art Online inatoka kwenye nyumba yao, na Re:Zero, na Haruhi Suzumiya, na Delicious in Dungeon. Kwenye soko la Kiingereza wana sehemu kubwa ya kampuni ya uchapishaji ya Yen Press, wanamiliki J-Novel Club inayotafsiri riwaya hizo, na wana duka la vitabu vya kielektroniki la BookWalker. Maana yake ni kwamba mhakiki wa Anime News Network akichukua kitabu kipya mezani, kuna uwezekano mkubwa kimechapishwa na mwajiri wake.

Habari zilipotoka, sisi mashabiki tuligawanyika. Wapo waliosema imekwisha, kuanzia leo kila kitabu cha Kadokawa kitapewa alama ya juu. Wapo waliofurahi kwamba waandishi sasa watalipwa kwa uhakika. Wapo walionyamaza na kuhama, na hao nadhani walikuwa wengi kuliko tunavyodhani.

Nawaelewa waliohama, kwa sababu miaka ile mashabiki wa anime tulikuwa tumeshaumizwa na mauzo ya namna hii. Crunchyroll, huduma ya kutazama anime mtandaoni, ilinunuliwa na Sony kupitia Funimation, kampuni yake ya anime, kwa dola bilioni 1.175, mauzo yakakamilika Agosti 2021. Mwaka mmoja baadaye Crunchyroll ikainunua Right Stuf, duka la anime la Iowa, Marekani, lililoanzishwa 1987, duka ambalo wateja wake walilizungumzia kama jamaa. Kufikia Oktoba 2023 jina la Right Stuf lilikuwa limefutwa. Aprili 2024 ikafungwa huduma ya Funimation yenyewe, na watu waliokuwa na nakala za kidijitali walizozipata kwa kununua diski halali wakaambiwa nakala hizo hazihamishwi. Kila mara tangazo la mwanzo lilikuwa la furaha. Kwa hiyo shabiki aliyesoma tangazo la Kadokawa lenye ahadi ya uhuru wa uhariri na akakunja uso, hakuwa na chuki. Alikuwa na kumbukumbu.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema tovuti ilikuwa safi na siku ya mauzo ndiyo ikachafuka. Tovuti ya bure huishi kwa matangazo, na matangazo ya tovuti ya anime hununuliwa na nani kama si wachapishaji na wasambazaji wa anime? Fedha za sekta zilikuwa zinaingia tangu zamani. Tofauti ni kwamba mtangazaji mmoja akikasirika unaweza kumwacha aende ukabaki na wengine kumi. Mmiliki akikasirika, huna wa kumkimbilia. Hiyo si tofauti ndogo, na wanaosema "mbona hata zamani walilipwa na hao hao" wanairuka haraka mno.

Basi nilifanya nini? Niliendelea kusoma, lakini nikaanza kusoma hadi chini kabisa. Na chini kabisa nikakuta kitu ambacho naona kinastahili sifa: kwenye makala zinazohusu bidhaa za kampuni hizo wameweka mstari unaomweleza msomaji waziwazi kwamba tawi la Kadokawa ndilo mmiliki mkubwa wa tovuti, na kwamba Yen Press, BookWalker na J-Novel Club ni kampuni dada. Wengine wanauona mstari huo kama urasimu. Mimi nauona kama sharti la kwanza la heshima kati ya mwandishi na msomaji. Unaniambia nani anakulipa, kisha unaniachia mimi kupima maneno yako. Nimepima. Nimekuta vitabu vya Yen Press vikipewa alama za chini na mstari ule ukiwa umekaa pale pale chini yake. Juni 2024 Kadokawa iliposhambuliwa na wadukuzi na huduma zake kusimama, tovuti iliandika habari hiyo ya aibu ya mmiliki wake kama ilivyoandika habari za wengine. Haya lazima yasemwe na sisi tunaolalamika, la sivyo malalamiko yetu hayatakuwa na uzito.

Lakini mstari wa chini unaeleza kilichoandikwa. Hauwezi kueleza ambacho hakikuandikwa, na hofu yangu iko hapo. Sidhani kama kuna siku bosi atamwita mhakiki amwambie badilisha hii moja iwe nne. Mambo hayaendi hivyo. Kinachoweza kutokea ni makala ndefu kuhusu malipo duni ya wachoraji kuahirishwa wiki hii, kisha wiki ijayo, mpaka aliyeipendekeza achoke. Ni mhakiki mchanga, anayelipwa kwa kila makala, kujiambia mwenyewe kwamba kitabu hiki si kibaya hivyo. Na kuna jambo la kamati za uzalishaji. Anime nyingi hazimilikiwi na studio iliyozichora. Zinagharimiwa na kundi la kampuni zinazogawana hatari na faida, na Kadokawa huwemo kwenye makundi mengi. Jina lake hupita mwishoni mwa episodi kwa maandishi madogo. Ningependa mstari ule wa chini uyafuate majina hayo nayo, kila mara, hata kama hisa ni ndogo.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na katika sekta hii maji tumeshayaonja. Kila msimu tunaletewa kijana mwingine anayekufa na kuzaliwa upya kwenye ulimwengu wa joka na mapanga, akiwa na nguvu zisizoelezeka na wasichana wanaomfuata bila sababu. Sehemu kubwa ya hadithi hizo inatoka kwenye riwaya ambazo Kadokawa na wenzake wanazichapisha kwa wingi. Katikati yake zimo kazi nzuri kweli. Aliyenisaidia kuzitambua ni mhakiki aliyekuwa na ujasiri wa kuandika kwamba tisa zilizotangulia hazina kitu. Ukimnyamazisha, Kadokawa nao wanapoteza, maana hatutaijua tena ile ya kumi.

Hapa nataka kuwauliza wenzangu: tunapoiamini tovuti, tunaamini nini hasa? Novemba 2023, mmiliki wa The Escapist, tovuti ya uhakiki wa michezo ya video, alimfukuza mhariri mkuu Nick Calandra. Karibu timu nzima ya video ikajiuzulu pamoja naye, akiwemo Yahtzee Croshaw aliyekuwa uso wa tovuti hiyo kwa miaka mingi, na wakaanzisha Second Wind inayochangiwa na watazamaji. Mmiliki alibaki na jina na anwani, watazamaji wakawafuata watu. Tangu hapo nimeanza kukariri majina ya wahakiki wangu kuliko jina la tovuti. Nasoma pia Anime Feminist, iliyoanzishwa 2016 na inayoendeshwa kwa michango ya wasomaji. Ni ndogo, ina msimamo wake ulio wazi, na mara nyingi sikubaliani nayo. Anayeweza kuchangia kidogo, achangie. Uhakiki usiolipiwa na msomaji utalipiwa na mtu mwingine, na siwezi kuwalaumu waandishi wa Anime News Network kwa kuukubali mshahara ambao sisi wasomaji hatukuwapa.

Kuna kundi moja ambalo swali lenu halikulitaja, na kwa upande wangu ndilo lenye haki ya kuuma meno. Ensaiklopedia ile haikujazwa na wafanyakazi peke yao. Wasomaji kutoka nchi nyingi walitazama majina ya mwisho wa episodi, wakayasoma kwa Kijapani, wakayaingiza moja moja, bure, kwa mapenzi tu. Kazi hiyo iliuzwa pamoja na meza na viti. Na si wao tu. MyAnimeList, ambako mamilioni ya mashabiki wameandika walichotazama na maoni yao, ilianza kama kazi ya mtu mmoja, Garrett Gyssler. Ikanunuliwa na CraveOnline mwaka 2008, ikaenda kwa DeNA ya Japani 2015, kisha Media Do 2019. Kila mauzo yalihamisha uhakiki ulioandikwa na wanafunzi usiku baada ya kumaliza mfululizo wanaoupenda, na hakuna aliyewauliza. Sidai walipwe. Nadai wawe na uhakika kwamba walichokiandika hakitafutwa, na kwamba wanaweza kuchukua nakala yake nzima wakati wowote.

Hilo ndilo ningependa gazeti lenu lilisukume zaidi kuliko swali la kuamini au kutoamini. Kwenye tovuti hii kuna hakiki za miaka ya mwanzo ya 2000, za mfululizo ambao hauuzwi tena popote, na kwa baadhi yao hakiki hizo ndiyo ushahidi pekee uliobaki kwa Kiingereza kwamba kuna mtu aliutazama na kuufikiria kwa makini. Nimekuwa nikizihifadhi kwenye flashi zile ninazozipenda, lakini mtu mmoja hawezi kuhifadhi kazi ya miaka zaidi ya 20.

Na msidhani biashara hii imetulia. Desemba 2024 Sony, wenye Crunchyroll, walitangaza kuweka takriban yen bilioni 50 kwenye hisa za Kadokawa na kuwa mwanahisa mkubwa kuliko wote, kwa takriban asilimia 10. Anayetengeneza anime, anayeionyesha, anayechapisha kitabu chake na anayeihakiki wanazidi kukaa chumba kimoja. Kadokawa wamekuwa waungwana kwenye ule mstari wa chini. Sasa waongeze ahadi nyingine, kwa maandishi na hadharani: kwamba kumbukumbu yote ya hakiki na ensaiklopedia itabaki wazi kwa wasomaji, na kwamba nakala yake itawekwa kwenye maktaba ya umma isiyo mali ya kampuni yoyote. Waiandike sasa, wakati bado uamuzi ni wao.