Wadukuzi, meli na ankara ya uongo: majibu ya maswali yenu

Mwanangu ni baharia. Huwa naifuatilia meli yake kwenye simu, lakini juzi alama yake ilipotea siku mbili nzima. Au wametekwa? (Mama, Tanga)

Shikamoo mama. Tulia kwanza. Alama ile inatokana na AIS, redio inayotangaza jina la meli, mahali ilipo na mwendo wake. Mawimbi yake hayafiki mbali. Meli ikishaiacha pwani hunaswa na setilaiti, na programu nyingi za bure hazikupi data hiyo. Wakikaribia nchi kavu utawaona tena. Nahodha naye anaweza kuizima akiona kujitangaza kunaiweka meli hatarini.

Ni kweli mdukuzi anaweza kuendesha meli akiwa sebuleni kwake? (Mwanafunzi wa unahodha, Dar es Salaam)

Kwa nini ahangaike na usukani wakati anaweza kumdanganya aliyeushika? Juni 2017, meli zisizopungua 20 kwenye Bahari Nyeusi, karibu na Novorossiysk, ziliambiwa na GPS kwamba ziko uwanja wa ndege wa Gelendzhik. Uongo wa namna hiyo unachekesha, kila mtu anaugundua. Wa kuogopwa ni ule wa nusu maili. Ndiyo maana, mdogo wangu, walimu wanakusumbua na rada, dira na kupima kina cha maji.

Bandari inasimamaje kwa sababu ya kompyuta? Winchi si zipo? (Dereva wa lori, Mombasa)

Zipo, lakini kontena ni sanduku tu. Bila kompyuta hakuna anayejua la nani, lina nini wala liko safu gani. Maersk, kampuni ya meli na bandari ya Denmark, iliyaonja hayo 27 Juni 2017, kirusi cha NotPetya kilipopenya kupitia programu ya uhasibu ya Ukraine. Meli zilikuwa salama baharini. Kilichokwama ni mageti, na malori yakajipanga nje bila mtu wa kuyapokea. Mwenyekiti wao wa wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alieleza baadaye kwamba walisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10. Hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Sasa sikia hii. Seva zinazotunza majina ya watumiaji na ruhusa zao zilifutwa zote isipokuwa moja, Ghana. Iliponaje? Umeme ulikuwa umekatika! Mashine ilikuwa imezimika kirusi kilipopita. Intaneti ya pale ilikuwa nyembamba mno kutuma data yote, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza, kwa hiyo diski ikasafirishwa hadi Nigeria, ikapokelewa na mwenzao akapanda nayo ndege ya London. Mkilaani mgao wa umeme, mkumbuke na hilo.

Nimeagiza gari Japani. Muuzaji ameniandikia kwamba akaunti imebadilika, nilipie nyingine. (Msomaji, Moshi)

Usilipe! Mteja wangu mmoja aliniletea barua pepe kama hiyo: nembo ile ile, namba ya chasisi sahihi, hadi salamu za kuulizia watoto. Tulipokuza maandishi kwenye skrini, herufi "m" ya anwani ilikuwa "r" na "n" zilizobanana. Mwizi alishaingia kwenye barua pepe ya mmoja wao, akawa anawasoma kimyakimya akingoja siku ya malipo. Tukapiga simu kwa namba ya kwenye ankara ya kwanza, si ile ya barua mpya. Muuzaji akashangaa, akaunti yake ni ile ile.

Nawe piga leo. Kama hela imeshakwenda, kimbilia benki waizuie, kisha polisi. Usingoje Jumatatu.

Tunachaji simu kwenye kompyuta ya chati, yaani ramani za bahari. Ofisa wetu anakuja juu kila siku. Ana haki? (Baharia, Zanzibar)

Anayo. Simu yako, ikichomekwa pale, ni flashi iliyozurura kila kona ya intaneti. Tangu Januari 2021 IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, inataka kampuni za meli ziweke hatari za mtandao ndani ya mfumo wao wa usalama, kwa hiyo mkaguzi naye ataiuliza hiyo waya. Chaji kebini. Na flashi ya kusasishia chati iwe ya kazi hiyo tu, ifungiwe kwenye droo, isiazimwe kwa mtu anayetaka kuhamisha muvi.